Kukaa na Kukataa: Ndoa ya Ramatoulaye katika Barua ya Mariama Bâ

Ziko riwaya chache za Kiafrika zilizopita katika mikono ya walimu wengi kama ile ya Mariama Bâ wa Senegali, iliyochapishwa Dakar kwa lugha ya Kifaransa mwaka 1979, ikapata Tuzo ya Noma mwaka uliofuata, na ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kwa jina la Barua Ndefu Kama Hii. Sisi tufundishao Kiswahili huku Burundi, ambako Kifaransa ni lugha ya shule na Kiswahili ni lugha ya soko na ya mitaa, tumekuwa na bahati ya kuisoma kwa milango miwili. Lakini kitabu kilichozoeleka darasani kina hatari yake. Mwalimu hukipatia swali moja, swali likapata majibu mawili, na tangu siku hiyo hapana mtu anayekifungua tena ila kwa kutafuta majibu yale.

Swali lenyewe kila mwenzetu analijua. Wake wawili marafiki, wote walimu, waliosoma shule moja na kuolewa na wanaume waliowapenda, wanaletewa wake wenza. Aïssatou anaondoka, Ramatoulaye anakaa. Nani alitenda vema? Wanafunzi hugawanyika mara moja: wasichana wengi upande wa Aïssatou, wavulana wengi upande wa Ramatoulaye kwa sababu ambazo Ramatoulaye mwenyewe asingezikubali, na mwalimu hukaa katikati akigawa maksi. Na wahakiki nao, wenye elimu kuliko wanafunzi wetu, aghalabu hawafanyi zaidi ya hayo. Humsifu Aïssatou kwa ushujaa, kisha humhurumia Ramatoulaye, kana kwamba Mariama Bâ aliandika kitabu kizima kwa kinywa cha mwanamke aliyekosea ili atuonyeshe kwa mbali yule aliyepatia.

Nasi tumelifundisha swali hilo kwa miaka mingi, na hatuna budi kukiri. Katika makala haya twataka kusema kwamba swali halikuwekwa mahali pake. Ukitaka kujua kwa nini Ramatoulaye alikaa, usitazame siku aliyoletewa habari ya mke wa pili. Tazama siku alipoposwa upya, akiwa mjane, na mtu mwema, tajiri, aliyempenda tangu ujana, naye akakataa. Kukaa kule na kukataa huku ni kitendo kimoja kilichofanywa mara mbili.

Yafaa kwanza tukumbuke jinsi habari ilivyopangwa, maana mpango wenyewe una maneno. Modou Fall amekufa ghafla kwa moyo. Mkewe wa kwanza, aliyekuwa naye kwa miaka 30 na kumzalia watoto 12, yumo ndani ya eda, na humo anafungua daftari na kuanza kumwandikia Aïssatou aliyeko Marekani. Msomaji wa Kifaransa hana budi kuelezwa eda ni nini. Mwandishi anaeleza, na kila akieleza, jambo linakuwa la kigeni kidogo, la desturi za watu. Msomaji wa Kiswahili halihitaji elezo. Neno analo. Anajua miezi minne na siku kumi, anajua ukimya wake, na anajua kwamba ni kipindi ambacho ndoa imekwisha na bado haijaisha: mume hayupo tena duniani, lakini mke angali amefungwa kwa ajili yake. Basi Mariama Bâ amempa mwanamke aliyetelekezwa kwa miaka mitano wajibu wa kumtunzia eda mtu ambaye kwa miaka hiyo mitano hakumtunzia zamu. Hapo ndipo riwaya ilipowekewa msingi, na kwa maoni yetu tafsiri ya Kiswahili yaweza kuuonyesha msingi huo wazi kuliko hata lugha iliyoandikiwa.

Ndivyo lilivyo pia neno mirathi. Katika riwaya, mjane anaeleza kwamba mirathi yadai siri za marehemu zifunuliwe mbele ya jamaa. Siri zinafunuliwa kweli: inajulikana kwamba nyumba ya fahari aliyomjengea bibi mdogo na mama yake ilipatikana kwa kuweka rehani nyumba ya bibi mkubwa, ambayo mume na mke walikuwa wameinunua kwa jasho la wote wawili. Sisi wa lugha hii husema mirathi tukafikiria mashamba na hesabu. Ramatoulaye analitanua neno: anarithi ukweli, na anaugawa kwa kalamu. Barua nzima ni mirathi ya ndoa.

Tuje sasa kwenye kishawishi. Modou hakuwa mlevi wala mhuni. Mwandishi ametunza jambo moja dogo ambalo wanafunzi hulipita mbio: Modou alipokuwa kijana akisomea sheria Ufaransa, kati ya wanawake wa kule, aliandika barua za kumhakikishia mchumba wake kwamba wale hawakuwa na nguvu juu yake. Tunaamini kwamba alisema kweli. Kishawishi cha ujana alikishinda, naye akiwa mbali, peke yake, katika nchi ya baridi. Cha utu uzima kikamshinda nyumbani kwake, mbele ya watoto wake, kwa binti aliyekuja kudurusu na binti yake Daba. Tujiulize kwa nini. Mwandishi hatuambii moja kwa moja, lakini ametuachia picha: Modou aliyekwisha kuoa mke wa pili anapaka nywele rangi, anajibana katika suruali zisizomfaa tena, anaficha tumbo. Binetou hakumpendeza tu. Alimpa nafasi ya kuukimbia umri wake. Na mtu mwenye kukimbia umri wake hawezi kukaa na mwanamke aliyezeeka pamoja naye, maana kila akimtazama anauona. Mvuto wa msichana ungeweza kwisha ukamrudisha nyumbani, ndiyo maana mke aliyejiandaa kuvumilia upitaji wa tamaa alijiandaa kwa ugonjwa usiokuwa huo.

Hapa twapenda kuingiza neno la mwalimu wa lugha. Tumesikia darasani watu wakitumia kishawishi na jaribu kana kwamba ni neno moja. Si moja. Kishawishi hukuvuta, jaribu hukupima. Modou alivutwa. Ramatoulaye alipimwa, na mara zote mbili, siku ya mke mwenza na siku ya posa, hapana kilichomvuta kuelekea ovu. Alipewa njia mbili zilizo halali, zote zikiwa na watu wa kumsifu akizifuata.

Habari ya ndoa ya pili inaletwa jioni na watu watatu waliovaa vizuri: imamu, Tamsir ambaye ni kaka wa Modou, na Mawdo, rafiki wa familia na mume wa zamani wa Aïssatou. Modou mwenyewe hakuja. Wanazunguka maneno hata mke anadhani mumewe amekufa. Wanamtuliza: hajafa, ameoa tu, leo hii. Ni mahali pa kuchekesha na kutisha kwa pamoja, wala hatujui mwandishi mwingine aliyeupiga mzaha mchungu kama huu kwa maneno machache hivyo. Waswahili husema penye wazee haliharibiki neno. Wazee walikuwapo, na neno likaharibika kwa adabu zote. Ramatoulaye anatabasamu, anawashukuru, anawapa maji. Wanafunzi huliita jambo hili unyonge. Twawauliza: mlitaka alie mbele ya Tamsir?

Kisha analia, peke yake, na anatafakari. Daba, mtoto mkubwa, anamhimiza avunje ndoa kama alivyofanya Aïssatou. Yeye anajihesabu: miaka 25 na mume mmoja, watoto 12, mwili uliochoka kwa kuzaa. Anasema pia, bila kujificha, kwamba yeye ni katika watu wasioweza kuiwaza furaha nje ya maisha ya watu wawili. Maneno haya wahakiki huyashika kama mwizi aliyeshikwa na mali mkononi. Lakini tutazame alichoamua hasa. Aliamua kukaa kama sheria ya dini yake inavyompa: kugawana na mke mwenza kwa haki, zamu kwa zamu. Alijiandaa kwa hilo. Aliyeivunja ndoa, basi, si mke. Na, tukisema kwa haki, si hata ule mke wa pili kwa kuwa alikuja. Ndoa ilivunjwa na zamu isiyoletwa. Modou hakurudi hata kuchukua nguo.

Miaka mitano ya kutelekezwa imeandikwa vizuri, na ni mahali ambapo twamsihi mwalimu akae. Hakuna kilio kirefu. Kuna bili za umeme, kitasa kilichoharibika, foleni, watoto wanaotaka viatu. Mwanamke anajifunza kazi za nyumba zilizokuwa za mwanamume. Anakwenda sinema peke yake na watu wanamtazama. Anapanda basi na watoto wake ilhali bibi mdogo na mama yake wanapita kwa gari jekundu. Hapo Aïssatou, kutoka mbali, anamnunulia rafiki yake gari dogo la Fiat, naye anajifunza kuendesha kwa hofu mpaka anaweza. Katika kitabu kinachosemwa kuwa ni cha mume na mke, pendo lililotimiza ahadi kwa vitendo na kwa fedha ni la rafiki kwa rafiki. Twaliona hili, hatutalifanya kuwa jambo zima, kama wafanyavyo wengine siku hizi, kwa maana Ramatoulaye mwenyewe hakubadilisha kimoja kwa kingine.

Sasa posa. Ziko mbili, na mwandishi amezipanga kwa mkono wa fundi. Ya kwanza ni ya Tamsir, arobaini ya marehemu ikiwa ndiyo kwanza imepita. Asubuhi yake, kwa kadiri ya daftari, Ramatoulaye amekwisha kuandika kwamba amemsamehe Modou. Msamaha haujakauka wino, na shemeji anaingia na wenzake wawili wale wale, kumwambia kwamba atakapotoka edani atamwoa yeye. Haulizi, anatoa taarifa. Mwislamu yeyote wa mwambao au wa mtaa wetu wa Buyenzi atasikia mara moja jambo ambalo msomaji wa Paris huenda asilisikie: kumposa wazi mwanamke aliye katika eda ni marufuku. Tamsir anavunja sheria ile ile aliyoivaa kama kanzu alipokuja kutetea ndoa ya ndugu yake, na mbele ya imamu. Ramatoulaye analipuka. Ukimya wa miaka 30 unatoka kwa mara moja. Tukisoma sehemu hii kwa sauti darasani, huwa hapana kikohozi.

Lakini kumkataa Tamsir ni rahisi. Ni wa pili aliye jaribu la kweli. Daouda Dieng ni daktari, mbunge, mtu wa fikira pana kuhusu wanawake, na ndiye mama mzazi wa Ramatoulaye aliyemchagua zamani, akimchukia Modou kwa kuwa mzuri mno na kwa sababu ya mwanya wa meno yake ya juu, ambao kwake ulikuwa dalili ya mtu wa anasa. Sasa anarudi, kwa heshima, bila kudai. Watoto 12 wanahitaji malezi. Farmata, mwanamke wa ukoo wa malenga aliye jirani, anapiga kauri na kauri zinasema ndiyo. Majirani wote wangefurahi. Hata moyo wa Ramatoulaye unachangamka. Anajipamba kidogo akijua mgeni anakuja, na mwandishi hakumwonea haya kwa hilo.

Anakataa. Anatoa sababu mbili katika barua fupi anayompa Farmata aipeleke. Kwanza, anamheshimu Daouda, lakini heshima si pendo. Pili, Daouda ana mke na watoto. Yeye aliyeachwa jana kwa ajili ya mwanamke mwingine hawezi leo kujiingiza kati ya mwanamke huyo na mumewe. Jibu la Daouda ni la maneno machache ya kukata, na nyumbani kwa Ramatoulaye haji tena.

Tuyaweke mambo haya mawili pamoja. Ramatoulaye msichana alimkataa mtu aliyechaguliwa na mama, akaolewa bila shangwe wala mahari ya kutajika, kwa kuwa alimpenda Modou. Huo ndio uamuzi mkubwa wa maisha yake. Mwanya wa meno ukaja kumpa mama ushindi: mume alikuwa mtu wa anasa kweli. Angemwacha Modou siku ile, angelikuwa amekubali kwamba uchaguzi wa moyo ulikuwa kosa la ujana. Angemkubali Daouda leo, angelikuwa amekubali kwamba ndoa ni jambo la heshima, mali na busara za wazee. Hakubali lolote katika hayo. Modou alivunja ahadi yake. Ramatoulaye hakuona kwamba kwa hiyo ahadi yake yeye ilikuwa uongo. Hii ndiyo sababu hatuwezi kumwita mtii. Mtii angeolewa na Daouda zamani, tena angefurahi kuolewa na Tamsir sasa.

Na uaminifu wa namna hii twauona kuwa ni mgumu kuliko ule unaofundishwa katika tungo zetu za zamani. Walimu wenzetu wanapenda kuliweka somo hili kando ya Utendi wa Mwana Kupona, na wana haki, maana mfanano upo: wajane wawili, kila mmoja akiandika baada ya kufiwa. Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga utendi wake mwaka 1858, mgonjwa, miaka miwili baada ya mumewe Bwana Mataka wa Siyu kufa, akimuusia binti yake atafute radhi za watano, mume akiwa miongoni mwao baada ya Mungu, Mtume, baba na mama. Husemwa kwamba hizi ni pande mbili: wa zamani alifundisha kunyenyekea na wa sasa akafundisha kuasi. Sisi hatuoni hivyo. Mwana Kupona anaweza kuusia kwa sababu mume wake alikufa akiwa radhi naye, na anasema hivyo kwa shukrani. Wosia wake umesimama juu ya ndoa iliyofika mwisho wake salama. Hakuulizwa afanyeje mwanamke ambaye mwenye kutoa radhi amehama nyumba. Ramatoulaye anaanzia pale ambapo utendi unanyamaza. Ndiyo maana hakumwandikia binti yake. Kwa binti hana wosia wa kutoa. Daba ameolewa na mume anayepika na anayesema kwamba mke wake si mjakazi wake, na mama anawatazama kwa furaha kama anayetazama nchi asiyoijua. Anamwandikia rika lake, aliyeliona lile lile akafanya kinyume.

Baada ya kusema haya yote, ni lazima tueleze jinsi usomaji wetu ulivyotikiswa, na aliyeutikisa si mhakiki. Katika darasa la jioni la watu wazima tuliloliendesha Buyenzi palikuwa na mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge, aliyekuja kujifunza kuandika Kiswahili sanifu kwa ajili ya barua za biashara. Tulikuwa tumesoma kurasa za miaka mitano, nasi tukawa tumesema kwa ufasaha, labda ufasaha kupita kiasi, kuhusu mwanamke aliyeamua kukaa. Mama yule akanyosha mkono. "Bwana Mwalimu, nisamehe. Unasema alikaa. Alikaa na nani?"

Hatukuwa na jibu siku hiyo. Tulisema alikaa katika ndoa. Akasema ndoa si kiti.

Tumelichukua swali lake kwa miaka, na twafikiri limepasua mahali ambapo kitabu chenyewe kimelegea. Mariama Bâ ametuonyesha kwamba Ramatoulaye alikuwa tayari kumpokea Modou, lakini hakutuonyesha hata jioni moja ambayo aliacha kuwa tayari. Miaka mitano ni mingi. Siku gani aliacha kusikiliza gari mlangoni? Upendo unaodumu bila mwenziwe hubadilika. Hugeuka mazoea, au kiburi, au huzuni iliyozoea nyumba. Mwandishi anatuambia kwamba pendo lilibaki, na kwamba Ramatoulaye hajafaulu kulifuta. Twamwamini kwa kuwa sauti ni ya kweli. Lakini tungependa kuliona likibadilika. Badala yake tunapewa mazungumzo marefu na Daouda kuhusu idadi ya wanawake bungeni, mambo mazuri na ya haki, ambayo hata hivyo yanasikika kama hotuba iliyopoteza mkutano wake. Na Binetou, aliyetolewa shuleni na mama mwenye tamaa ya nyumba na safari ya Makka, anahurumiwa kwa maneno ya haki pasipo kupewa mahali pa kusema lolote. Huenda barua haiwezi kufanya zaidi: mwandikaji ni mmoja, na aliyeumizwa hawezi kuingia chumbani mwa aliyemuumiza. Lakini Modou naye amefungiwa nje hivyo hivyo, na kishawishi chake tunakijua kwa nywele na suruali tu.

Hata hivyo, swali la mama wa vitenge halimwangushi Ramatoulaye. Linatulazimu tu kueleza vizuri zaidi. Hakukaa na Modou, kwa maana Modou hakuwapo. Hakukaa kwa ajili ya watoto, ingawa hicho ndicho wanawake wengi wa mitaa yetu hukisema, na huwa kweli. Angeweza kuwachukua, kama Aïssatou alivyowachukua wanawe wanne. Alikaa na neno alilolitoa. Ikiwa neno hilo ni kiti kitupu, basi ni kiti alichokichonga yeye, na Daouda alipokuja kukikalia, akaambiwa kina mwenyewe. Mama yule asingeliridhika na jibu hili, na hatusemi kwamba alipaswa kuridhika. Tunajua maisha yake kidogo, na anao uzoefu wa viti.

Tena ni vema kumbukumbu ya mwandishi mwenyewe isituchanganye. Mariama Bâ, aliyezaliwa 1929 na kufariki 1981, alikuwa mwalimu, alizaa watoto tisa, na aliachana na mumewe. Kwa maisha yake, basi, alikwenda njia ya Aïssatou. Kwa kalamu akachagua kusema kwa kinywa cha yule aliyekaa. Wengine huona hapo mgongano; sisi tunaona adabu ya mwandishi. Njia yake mwenyewe hakuhitaji kuitetea. Ile nyingine ilikuwa bado haijaelezwa na mtu aliyeiheshimu.

Kwa hiyo, kwa wenzetu watakaolifundisha somo hili, tungependekeza kwamba lile swali la zamani liachwe mpaka mwisho, au liachwe kabisa. Anzeni na barua fupi kwa Daouda. Wapeni wanafunzi sehemu ile peke yake, bila kuwaambia yaliyotangulia, na waulizeni mwanamke huyu anayekataa ni mtu wa namna gani. Watasema: mwenye msimamo, huru, mwenye kujali mwanamke mwenzake. Ndipo rudini nyuma mkasome habari ya imamu na maji ya kunywa. Tumefanya hivyo mara mbili, na mara zote mbili darasa lilikaa kimya likitafuta jinsi mtu yule mmoja alivyokuwa mle mote muwili.

Mama wa vitenge alikisoma kitabu hadi mwisho kwa muda wake mwenyewe, jambo ambalo hatukumwagiza. Kurasa za mwisho, Aïssatou yu njiani kuja Dakar, atafika kesho, na Ramatoulaye anawaza kama rafiki yake atashuka amevaa suti ya kizungu au gauni refu, kama atataka meza na uma. Anaazimia kutandika mkeka na kuweka sinia moja ambamo mikono mingine itachovya pamoja na wake. Kitabu kinakwisha kabla mgeni hajafika. Mama alikuja kulalamika kwamba nakala yake imekatwa kurasa. Tulipomhakikishia kwamba haikukatwa, alikifunga kitabu, akakitia katika mkoba kati ya vitenge, akasema kwamba kwa vyovyote yeye angeanza kwa kumuuliza Aïssatou kama kule Marekani kuna mtu.